Jibu: Mwamba mgumu, mbona paa la handaki linameguka?

Mkuu, umeuliza inakuwaje handaki lichimbwe kwenye mwamba mgumu kabisa halafu paa limeguke. Ugumu wa jiwe lenyewe si hoja sana. Kinachoamua ni nyufa zinazolikata. Nyufa za pande tatu zikikutana juu ya paa, zinatenga bonge lenye umbo la kabari, na likikosa cha kulishika linadondoka zima zima, jiwe halijavunjika popote.

Mwelekeo nao una kesi yake. Handaki likivuka ufa mkubwa moja kwa moja, sehemu mbaya huwa fupi. Likienda sambamba nao, hasa ulalo wake (jinsi ufa ulivyoinama) ukiwa mkali, utahangaika nao njia nzima.

Halafu chungulia ndani ya ufa. Ukikuta udongo wa mfinyanzi laini unaoteleza ukiusugua kwa vidole, msuguano uliobaki ni kidogo mno. Udongo huohuo huweza kuzuia maji upande wa pili. Ukiuvunja bila kutanguliza tundu la uchunguzi (tundu jembamba la kupima kilicho mbele), yanaingia kwa kishindo pamoja na kifusi. Boliti, yaani vyuma virefu vya kushikiza mwamba, zinafaa kwa kabari. Kwenye mwamba uliosagika hazina pa kushika vizuri. Hapo ni zege la kupuliza na matao ya chuma, tena haraka.