Chupa iliyoandikwa "4831": ushauri kwa mwenye baruti ya zamani

Wiki iliyopita msomaji mmoja, mzaliwa wa Arusha anayeishi Idaho, aliniletea ujumbe na picha. Kwenye mnada wa mali za mwindaji aliyefariki alikuwa amenunua mashine ya kujazia risasi, maganda ya shaba ya .270 Winchester (aina ya risasi ya bunduki ya kuwindia), pipa dogo la karatasi ngumu lenye lebo ya wauza baruti Hodgdon, 4831 ya akiba ya jeshi, ambalo halijawahi kufunguliwa, na chupa ya kioo iliyobandikwa kipande cha plasta chenye maandishi ya kalamu: "4831". "Kaka," aliniuliza, "kilichomo kwenye chupa na kwenye pipa si kitu kimoja?" Nilimjibu siku ile ile kwamba cha kwenye chupa asikitumie hata punje. Najua wapo wengi wenye chupa za namna hiyo kwenye makabati yao, kwa hiyo naeleza hapa kwa kirefu.

Nawaandikia walioko Marekani, ambako sheria za taifa zinamruhusu raia kujaza upya maganda yake kwa matumizi yake mwenyewe. Kule nyumbani kazi hiyo ni ya viwanda vya serikali, kama Mzinga pale Morogoro na kile cha Eldoret, na raia asiijaribu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilibakiwa na shehena kubwa za baruti. Bruce Hodgdon wa Kansas alizinunua, akazigawa katika vipimo vidogo na kuwauzia wawindaji. Ya kwanza ilikuwa 4895, iliyotumika katika risasi za bunduki za .30-06; baadaye ikafuata 4831, iliyotengenezwa kwa ajili ya mizinga ya milimita 20. Hiyo ya pili huungua polepole, na wenye .270 waliipenda mno. Akiba ya jeshi ilipokwisha, Hodgdon ikaendelea kuuza H4831 iliyotengenezwa upya. Kisha katika miaka ya 1970 kampuni ya DuPont ikatoa baruti yake, IMR 4831, yenye namba ile ile lakini inayoungua kwa kasi zaidi. Anayepima IMR kwa kufuata kiwango cha juu cha H4831 anazidisha shinikizo ndani ya chemba, yaani tundu la bunduki inamokaa risasi, na chemba hiyo iko karibu kabisa na jicho lake.

Sasa itazame tena ile chupa. Namba ni 4831, lakini herufi zinazotangulia namba hazipo. Na hata zingekuwapo, nani anajua kama marehemu hakumalizia humo mabaki ya kopo jingine? Hizi zote ni punje za rangi ya kijivu, vijiti vifupi vilivyokatwa kama tambi, na hakuna jicho la binadamu linaloweza kutofautisha vijiti vya H na vya IMR. Watengenezaji wachache hutia punje za rangi ili kumsaidia mtumiaji, kama katika baruti za Red Dot na Green Dot, lakini rangi hiyo ni ya kuhakikishia kile kilichoandikwa kwenye kopo, wala haitoshi kuwa utambulisho wa baruti isiyo na kopo.

Mimi nilipitia haya haya hapa Montana. Nilinunua fungu la vitu vya mzee mmoja, likiwa na pipa la 4831 ya jeshi lililofungwa kiwandani, kopo la bati lenye kutu na mtungi usio na lebo. Pipa nililihifadhi, kopo na mtungi nikaviondoa nyumbani. Mzee mmoja wa klabu yetu ya kulenga shabaha, ambaye nilimheshimu kama baba mdogo, alinikemea mbele ya watu kwamba namwaga pesa, na kwamba mtu mwenye uzoefu huitambua baruti kwa kuishika tu. Maneno yale yaliniuma, na bado yananiuma, kwa sababu baadhi ya waliocheka ni Waswahili wenzangu niliokuwa nimewafundisha kazi hii mimi mwenyewe. Msimu huu wa mapukutiko nilipanda mlimani na risasi nilizozijaza kutoka kwenye lile pipa, nikaangusha elki mmoja kwa risasi moja. Maganda yote niliyoyapiga kwa majaribio kabla ya hapo yalichomoka bila kukwama, na fataki zake, vile vikombe vidogo vya kuwashia baruti kwenye kitako cha ganda, zilibaki na kingo zake za mviringo, yaani shinikizo halikuzibana. Najivunia hilo, na sioni sababu ya kulificha.

Jambo la pili ni uhai wa baruti yenyewe. Baruti isiyotoa moshi, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliivumbua mwaka 1884, kiini chake ni nitroselulosi, na nitroselulosi huoza. Inapooza hutoa gesi za nitrojeni zenye asidi, na gesi hizo huharakisha uozo wenyewe. Ndiyo maana viwandani hutiwa kemikali ya kuzinasa gesi hizo, hasa daifenilamini, nayo hupungua mwaka hadi mwaka, na joto huimaliza upesi. Wafaransa walijifunza kwa gharama ya mamia ya maisha: manowari zao mbili, Iéna mwaka 1907 na Liberté mwaka 1911, zililipuka katika bandari ya Toulon, na lawama ikaiangukia baruti iliyooza.

Fungua kopo mahali penye hewa, bila moto wala sigara karibu, usogeze kifuniko chini ya pua kwa mbali. Baruti nzima hunukia eta na spiriti. Iliyooza ina harufu ya asidi inayochoma pua, na ukiwa nayo karibu kwa muda macho huanza kuwasha. Mwaga kijiko kimoja juu ya karatasi nyeupe, kisha uirudishe: kama karatasi imebaki na vumbi jekundu la hudhurungi, imekwisha. Angalia upande wa ndani wa kifuniko cha bati kama umeliwa na kutu. Punje zilizogandamana ni dalili mbaya vilevile. Lile kopo langu lilikuwa na dalili zote hizi, na bado kuna mtu alitaka kulinunua.

Ikiwa kopo limeanza kutoa moshi mwekundu au lina joto, usilitikise wala usilisogeze; toka na watu wako, piga simu kikosi cha zimamoto. Kama ni baruti tulivu isiyojulikana asili yake, kama hiyo ya chupa, waulize hao hao wa zimamoto utaratibu wa eneo lako wa kuiteketeza. Usiitupe kwenye pipa la taka, na usimpe rafiki, kwa sababu rafiki huyo ataiamini kwa kuwa imetoka kwako.

Iliyo nzima iache katika chombo chake cha asili, mahali pakavu na pasipo joto, si darini wala gereji inayooka kiangazi. Kanuni za NFPA 495, za chama cha Marekani cha kuzuia moto, zinaruhusu hadi ratili 20 ndani ya nyumba ya kuishi. Kuanzia hapo hadi ratili 50 inatakiwa sanduku la mbao lenye kuta za unene wa inchi 1. Kabati la chuma lililofungwa barabara halifai, kwani moto ukiingia humo shinikizo halina pa kutokea. Mezani weka kopo moja tu kwa wakati mmoja, na usichanganye mabaki ya kopo hili na lile.

Na lile pipa lako, ndugu yangu wa Idaho: likipita mtihani wa pua na wa karatasi, anza na kiwango cha kuanzia cha H4831 katika kitabu cha Hodgdon kwa uzito wa kichwa cha risasi ulicho nacho. Usianze chini ya hapo, kwa maana baruti ya polepole ikiwa pungufu mno nayo huleta hatari zake. Baruti ya akiba ya jeshi hutofautiana toleo kwa toleo, kwa hiyo panda kidogo kidogo, na kila hatua ipime kwa mashine ya kupimia mwendo wa risasi. Mwendo ukivuka ule wa kitabuni kabla hujafika kiwango cha juu, simama hapo hapo, hata kama bolti, chuma kinachofunga chemba, inafunguka kwa wepesi na fataki inaonekana salama.