Kifuli cha usukani hakitolewi kwa nyundo

SWALI: Mzee fundi, salamu kutoka Tororo. Naendesha spesho, teksi ya kukodi, Toyota Premio ya 2005. Usiku wezi walivunja kioo wakachokonoa tundu la ufunguo kwa bisibisi. Gari hawakulipata, ila sasa ufunguo haugeuki kabisa na usukani umejifunga. Fundi wa hapa anataka kukipiga kifuli nyundo mpaka kipasuke, halafu niendeshe bila. Nimkubalie?

JIBU: Usimkubalie, kijana wangu. Kolamu ya usukani, yaani mhimili unaoushika, imeundwa ijikunje wakati wa ajali isikuchome kifua. Nyundo itaiharibu mapema. Tena kifuli kilichopasuka nusu ndicho kibaya zaidi. Ulimi wake, kile chuma kinachofunga usukani, ukichomoza wakati uko kwenye kona ya njia ya Mbale, gari litakwenda linakotaka lenyewe.

Ufunguo ungekuwa unageuka, ungeuweka kwenye ACC, hatua ya kwanza ya kugeuza, ukabonyeza pini ndogo ya kifuli kwa waya mgumu, silinda inayoingia ufunguo ikatoka. Wako umekwama, kwa hiyo mwili mzima wa kifuli utoke. Achomoe waya wa hasi wa betri, asubiri sekunde 90 au zaidi, maana kwenye usukani kuna eabegi, mfuko wa hewa wa ajali. Afungue kava za plastiki, achomoe soketi ya swichi na pete ya imobilaiza (kinga ya wizi inayosoma chipu ya ufunguo) kama ipo. Atakuta boliti mbili zisizo na vichwa. Hazijaharibika: kiwandani zilikazwa mpaka vichwa vikakatika, makusudi, mwizi asipate pa kuweka spana. Aziwekee alama katikati kwa panchi, polepole, atoboe kwa drili, kisha azing'oe kwa ekstrakta, kifaa cha kung'olea boliti zilizokatika. Anayekimbilia grinda hapo, kwangu hapati kazi.

Kifuli kingine kitafute soko la vipuri la Kisekka, Kampala. Nunua kamili, na bano lake la kukishikiza kwenye kolamu na ufunguo wake, na ukijaribu mbele ya muuzaji: chomoa ufunguo uone ulimi unachomoza, urudishe na kugeuza uone ulimi unarudi ndani ya kifuli. Boliti ziwe mpya, za aina ile ile, zikazwe mpaka vichwa vikatike. Kama gari lina imobilaiza, chipu ya ufunguo wa zamani ihamie kwenye mpya, la sivyo injini haitawaka. Milango utaendelea kuifungua kwa ule wa zamani.

Na kabla fundi hajagusa kitu, chukua barua ya polisi. Trafiki akiona tundu lililochokonolewa atakuuliza gari ni la nani.