Brecht na Chicago ambayo hakuwahi kuiishi

Mkuu, umeuliza kama Bertolt Brecht, yule mwandishi wa tamthilia wa Kijerumani, aliipenda Marekani au aliichukia, maana tamthilia zake zimejaa Chicago na mwenyewe ni mfuasi wa Marx. Mimi Brecht nilianza kumjua kwa kubeba meza na viti vyake jukwaani, kusoma kulikuja baadaye, kwa hiyo nivumilie nikianzia huko.

Kikundi chetu hapa Dar kiliwahi kufanya mazoezi ya Arturo Ui, ile ya jambazi wa Chicago anayeteka biashara ya koliflawa, na kila mtazamaji anajua huyo ni Hitler. Shida ya kwanza ilikuwa hiyo koliflawa. Nusu yetu hatujawahi kuila, na bei yake ilikuwa haishikiki, tukaishia kununua kabichi Kariakoo. Shida ya pili, waigizaji wote walianza kuongea Kiingereza cha puani, na mmoja akaja na kofia ya kichunga ng'ombe. Mwongozaji akafoka: mnaniletea Marekani ya sinema! Mzee wetu wa taa akauliza kwa upole, "Kwani huyo Mjerumani wakati anaandika alikuwa anaishi huko?"

Nikaenda kutafuta. Hakuwa huko. Aliiandika mwaka 1941 akiwa Finland, anasubiri viza ya Marekani. Kabla ya hapo alikuwa ameonja New York miezi michache tu, kuanzia mwisho wa 1935, akagombana na waliokuwa wakiigiza mchezo wake. Chicago aliijengea kichwani, kwa riwaya ya Mmarekani Upton Sinclair kuhusu machinjio, hadithi za wapelelezi na ushabiki wa ngumi. Tamthilia yake ya Chicago ya mwanzo ilichezwa Munich mwaka 1923, akiwa na miaka 25, na inaanza na mfanyabiashara wa mbao anayetaka kununua maoni ya karani wa maktaba. Siyo kitabu, maoni! Hapo tayari kuna kuvutiwa na kuchukizwa kwa pamoja, huwezi kuvitenganisha.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha ngano. Miaka ya 1920 alitaka kuandika mchezo kuhusu soko la ngano la Chicago. Akawauliza wanaojua biashara bei inapandaje, inashukaje, hakupata maelezo yaliyomridhisha. Mchezo haukuisha, yeye akaingia kumsoma Marx. Kwa hiyo wanaosema aliishambulia Marekani kwa sababu alikuwa mkomunisti, kwangu wamepanda mkokoteni kwa nyuma. Marekani ilitangulia.

Halafu Julai 1941 akashuka melini California, akakaa miaka sita. Angalia alichoandika humo ndani: mchezo wa duara la chaki la huko Kaukazi, wa askari wa Kicheki Schweyk, wa msichana wa Ufaransa wakati wa vita, na mchezo wake wa Galileo akaufanyia toleo jipya la Kiingereza na mwigizaji Charles Laughton. Mchezo mkubwa unaotokea Marekani? Hakuna hata mmoja. Nchi aliyoiota miaka ishirini ilipomlazimu apange foleni kuuza miswada ya filamu Hollywood, ikamkausha. Mtanisahihisha, ila naona alihitaji umbali. (Na sisi tunaye Ebrahim Hussein, aliyeandika tamthilia ya Kinjeketile, ya vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, kisha akaenda kusomea shahada ya uzamivu (PhD) Berlin Mashariki. Hilo linataka uzi wake.)

Oktoba 30, 1947 aliitwa Washington mbele ya kamati ya Bunge iliyosaka wakomunisti. Akajibu huku anavuta sigara zake nene, akakana kuwa mwanachama, mwenyekiti akamshukuru kama shahidi mzuri. Kesho yake akapanda ndege kwenda Ulaya, asirudi tena. Ule mchezo wa duara la chaki ulikuja kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948, na ni Wamarekani walioucheza, wanafunzi wa chuo kimoja huko Minnesota.

Ukitaka kusoma, anza na opera yake ya Mahagonny. Humo mtu anahukumiwa kifo kwa kukosa hela ya kulipia pombe aliyowanunulia wenzake. Arturo Ui iwekee baadaye. Sisi tuliichezea kabichi usiku mitatu, na hakuna mtazamaji aliyelalamika, isipokuwa mama mmoja wa mbele aliyetaka kujua zikiisha kuigizwa zinauzwa shilingi ngapi.