Seli za betri kuukuu ndani ya kasha la magunzi: je, chaja itakuwa salama?

Swali: Nimefungua betri mbovu ya kompyuta mpakato nikapata seli sita. Nataka kuziundia chaja ya kubebeka ya simu, na kasha lake nilifinyange kwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa na gundi ya wanga. Nitazijuaje seli nzima, na kasha hilo litafaa?

Jibu: Betri ya kompyuta mpakato hukataa kazi hata pale ambapo seli mbili tu zimechoka, kwa kuwa zimeungwa kwa mfuatano na iliyo dhaifu huzizuia nyingine. Kwa hiyo baadhi ya seli zako huenda bado ni nzima, ila kuzipambanua kunataka subira.

Anza kwa macho. Seli ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65 ina mwili wa chuma ambao wote ni hasi, hata ule ukingo unaozunguka kitovu chanya. Kinachotenganisha ukingo na waya unaopita juu yake ni utando mwembamba wa plastiki na kipete cha karatasi. Utando ukichanika hapo, waya ukagusa ukingo, umeme hupita mkato na seli huchemka kwa muda mfupi sana. Utando uliochanika hubadilishwa, lakini seli iliyobonyea, yenye kutu au inayovuja haina matengenezo.

Kisha pima kwa multimita, yaani kifaa cha kupimia volti. Seli iliyoshuka chini ya volti 2 usiifufue, na hapa nasisitiza kwa sababu mafundi wengi huzishtua seli za namna hiyo na kuziuza tena. Ikiishiwa umeme kiasi hicho, shaba iliyomo huanza kuyeyuka, na unapoichaji shaba hiyo hujijenga upya mahali pasipo pake, hadi siku moja iunganishe chanya na hasi kwa ndani. Zilizosalia zichaji moja moja hadi volti 4.2 ukiwa karibu, ukiondoa yoyote inayopata joto, halafu ziache wiki mbili bila kuziunga popote. Iliyobaki na volti 4.1 au zaidi inafaa. Iliyoshuka chini ya 4.0 inavuja umeme kwa ndani.

Tuseme umepata tatu, kila moja ikihifadhi miliampia-saa 2,000 kwa volti 3.7. Jumla ni takriban wati-saa 22, na baada ya kupandishwa hadi volti 5 zinazohitajiwa na simu hubaki kama 19, kiasi cha kujaza mara moja simu yenye betri ya miliampia-saa 4,000. Ziunge sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, baada ya kuhakikisha volti zao zinalingana, la sivyo yenye volti nyingi itaimiminia mwenzake umeme kwa kasi. Tumia vishikizo vya seli badala ya kulehemu, kwani joto la kulehemu huidhuru seli, na saketi yako ya kuchaji na kupandisha volti iwe na kinga ya kukata umeme seli zinapojaa, zinapokaribia kuisha, au nyaya zinapogusana.

Kuhusu kasha, magunzi hayanipi imani. Huwaka kwa urahisi, na wanga hunyonya unyevu, ukavimba na kuota ukungu. Ningekushauri utumie pumba za mpunga, ambazo zina silika nyingi na hivyo hushika moto kwa shida zaidi, ingawa hakuna kasha la mabaki ya shambani lisiloungua kabisa. Likaushe juani huku ukilipima kila siku, na usilipake vanishi kabla uzito haujaacha kupungua, maana unyevu uliofungiwa ndani utakula vituo vya saketi. Acha matundu ya hewa upande wa saketi, na seli zisiguse kuta za kasha.

Seli ulizozikataa zifunike ncha kwa utepe wa umeme, uziweke mahali pakavu na kuzipeleka kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki. Kamwe zisitupwe shimoni wala motoni. Chaji kadhaa za mwanzo zifanyie juu ya kigae, ukiwa macho, mbali na matandiko.