Presha pekee haitanui mshipa mkuu

Ndugu yangu wa Kirumba, umeuliza iwapo mshipa mkuu wa baba yako (aota, unaotoa damu moyoni), uliopimwa upana wa sentimita 4 tumboni badala ya takriban 2 za kawaida, umetanuliwa na presha pekee. Hapana, presha husukuma, lakini ukuta wenyewe huwa umeshachakaa. Katika tabaka la kati la ukuta huo, chembe za kinga zinazovamia huchochea vimeng'enya vinavyokata nyuzi za elastini (zinazonyumbuka kama mpira), ambazo mwili wa mtu mzima hauwezi kuziunda upya ipasavyo, huku seli za misuli laini zinazoutunza ukuta zikifa. Mzigo hubaki kwa kolajeni (nyuzi imara za protini), hasa ya tabaka la nje, kama wavu uliooza katikati ukashikiliwa na kamba za pembeni (wavuvi wa mwaloni watanielewa). Kolajeni nayo ikishindwa, mshipa hupasuka. Kama mzee anavuta sigara, aache: huharakisha uharibifu huu.