Gari lenye kilomita 310,000 linakula oili: je, nibadilishe injini?

SWALI: Mhandisi, pokea salamu zangu. Nina gari dogo la petroli lenye injini ya lita 1.5 na giaboksi ya otomatiki, ambalo limekwisha kutembea kilomita 310,000. Halijawahi kunilaza njiani, lakini tangu mwaka jana linakula oili, kiasi cha lita moja kwa kila kilomita 2,000, na asubuhi ninapoliwasha hutoa moshi wa buluu kwa muda mfupi, kisha moshi hukata. Fundi mmoja amenishauri niweke oili nzito ya 20W-50 badala ya 5W-30 iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Mwingine anasema injini imekwisha, nitafute nyingine iliyotumika. Wote wawili wanakubaliana kwamba oili ya giaboksi, ambayo sijawahi kuibadilisha, nisiiguse kamwe. Nimfuate nani?

JIBU: Kwa dalili ulizozieleza, ndugu yangu, usibadilishe injini wala usiipe oili nzito kabla haijapimwa, kwa maana moshi unaotoka asubuhi tu na kukata una chanzo kinachojulikana, na mara nyingi chanzo hicho hakiko kwenye pistoni. Kila valvu ina sili ndogo ya mpira iliyovikwa kwenye shina lake ili oili iliyo juu ya silinda hedi isiteremke kwenye chumba cha kuchomea. Baada ya miaka mingi ya joto mpira huo hukauka na kuwa mgumu, na gari likilala usiku kucha oili huchuruzika polepole pembeni mwa shina hadi ikatua juu ya pistoni, ambako huungua mara tu unapowasha. Ringi za pistoni zilizochoka, au zilizogandishwa na masizi, hutoa dalili nyingine: moshi huongezeka unapokanyaga mafuta, hasa gari likipanda mlima, na hauchagui asubuhi wala jioni.

Jambo hili unaweza kulihakiki mwenyewe. Teremka mteremko mrefu gari likiwa kwenye gia na mguu wako ukiwa nje ya pedali ya mafuta, kisha ukifika chini ukanyage, huku mtu aliye kwenye gari la nyuma akitazama bomba lako la moshi. Wakati wa kuteremka namna hiyo mvuto ndani ya njia ya hewa ya injini huwa mkubwa sana, na sili zilizochoka huachia oili. Likitoka wingu la buluu mara unapokanyaga, umempata mhusika.

Baada ya hapo mwombe fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo wa hewa, ya silinda zote nne, injini ikiwa ya moto, plagi zote zikiwa zimetolewa na pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Viwango halisi vimo kwenye kitabu cha ufundi cha gari lako, lakini kwa kawaida tofauti kati ya silinda na silinda haifai kuzidi takriban ba 1 (ba ni kipimo cha shinikizo). Silinda moja ikisoma chini, atie kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na apime tena: namba ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi. Kipimo hiki ni cha muda mfupi, na mimi sikubaliani na fundi yeyote anayeihukumu injini kuwa imekufa bila kukifanya. Wakati huohuo itazamwe valvu ya kupumulia ya injini, kwa sababu ikiziba, shinikizo la ndani husukuma oili mahali isipotakiwa, na ni kipuri kidogo ambacho watu hukisahau. Ikithibitika kwamba ni sili za valvu, katika injini nyingi hubadilishwa bila kushusha injini wala kufungua silinda hedi. Fundi hujaza hewa ya kompresa ndani ya silinda ili valvu zisidondoke, kisha huvua springi na kuweka sili mpya.

Ulaji wenyewe wa lita moja kwa kilomita 2,000 hauui injini, na watengenezaji wengi wa magari huvumilia hata lita moja kwa kilomita 1,000. Kinachoua ni kutopima. Injini ya ukubwa huo hubeba lita tatu na nusu hadi nne, kwa hiyo ukisubiri sevisi ya kilomita 10,000 bila kuongeza chochote, kwa hesabu yako mwenyewe zitakuwa zimeungua lita tano, yaani zaidi ya zote zilizokuwamo. Pima kila wiki, gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa, futa kijiti, kichomeke tena ndipo usome, na uandike kwenye daftari kiasi ulichoongeza pamoja na kilomita za siku hiyo. Daftari hilo litakuonyesha mapema kama ulaji unapanda.

Kuhusu 20W-50, oili hiyo inaweza kupunguza ulaji kidogo, lakini huchelewa kufika sehemu za juu injini inapowashwa ikiwa baridi, na injini nyingi za miaka ya karibuni zina mfumo wa kubadilisha majira ya valvu unaoendeshwa na shinikizo la oili inayopita kwenye vijia vyembamba, ambavyo oili nzito hupita kwa shida. Kama kitabu chako kinaruhusu 5W-40, panda hatua hiyo moja na uishie hapo. Injini iliyotumika nayo ina tatizo lake: historia yake huijui, ilhali hii yako unaijua.

Sasa giaboksi. Imani kwamba oili mpya huua giaboksi ya zamani ina chembe ya ukweli. Watu wengi hubadilisha oili pale tu gia zinapoanza kuteleza, wakati klachi za ndani zimekwisha kulika na unga wake uliomo kwenye oili chafu ndio unaosaidia kidogo kushika. Oili safi ikiingia, kuteleza kunaonekana wazi, na lawama huiangukia oili. Chomoa kijiti cha giaboksi, kama gari lako linacho, na udondoshe matone kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa ni nyekundu au kahawia bila harufu ya kuungua, na gia zinaingia vizuri, ibadilishe bila hofu. Mwaga kwa kufungua nati ya chini tu, pima kilichotoka, na urudishe kiasi kilekile cha aina iliyotajwa kwenye kitabu. Sehemu kubwa hubaki ndani ya kigeuza-nguvu (torque converter, kinachounganisha injini na giaboksi), kwa hiyo rudia baada ya kilomita elfu chache. Sipendi mashine ya kusukuma oili yote nje kwa mkupuo kwa giaboksi ambayo haijawahi kuguswa. Ikiwa oili ni nyeusi na inanuka kuungua, na gia zinateleza, hapo oili mpya haitaiponya.

Hukuniuliza kuhusu upoozaji, lakini ndiko ninakokuomba upeleke fedha za kwanza, kwa sababu injini nyingi za umri huu ambazo zingeishi hufa kwa kuchemsha. Silinda hedi ni ya alumini, na ikichemka mara moja tu inaweza kupinda. Tazama vichwa vya plastiki vya rejeta: vikigeuka rangi ya kahawia vimekwisha kuwa dhaifu na vitapasuka bila taarifa. Minya hosi injini ikiwa baridi. Iliyo ngumu kama ubao au laini kupita kiasi itolewe. Badilisha kifuniko cha rejeta, kwa kuwa shinikizo kinalolishikilia ndilo linalofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Tumia maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu, usitumie maji matupu. Thamostati, valvu inayodhibiti joto la maji ya injini, kama ilitolewa irudishwe, maana bila hiyo injini hukaa baridi mno, hula petroli na huchafua oili. Usiutegemee mshale wa joto peke yake, kwani katika magari mengi umeundwa kutulia katikati hata joto likipanda kwa kiasi, na ukinyanyuka huwa umechelewa: simama na uzime.

Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili kwa sababu hunyonya unyevu. Bushi na vishikizo vya injini vikaguliwe.

Namba ya kilomita isikutishe. Mmarekani Irv Gordon alinunua Volvo P1800 mwaka 1966, na mwaka 2013 ilifikisha maili 3,000,000, yaani zaidi ya kilomita milioni 4.8. Kitu ambacho kingenifanya nikushauri uachane na gari lako ni kutu iliyokula bodi pale suspensheni inaposhikilia, kwa hiyo lipandishwe juu na sehemu hizo zigongwe kwa nyundo ndogo kabla hujatumia fedha kwenye kitu kingine chochote.