Barua kwa mwanangu: usiidai riwaya risiti

Mama yangu,

Marahaba. Ile sauti uliyonitumia WhatsApp juzi usiku nimeisikiliza mpaka mwisho, nikairudia tena maana pale katikati kuna watu walikuwa wanacheka hapo hosteli kwenu sikupata hata neno, nikaona hii siwezi kuijibu kwa sauti nitasahau nusu yake, bora nikae niandike, mwalimu mstaafu muda ninao.

Kwa nilivyokuelewa umeuliza mambo matatu. Kwanza umekuwa unasoma riwaya sana siku hizi na kila ukishika kitabu moyo unakusuta, unaona kama unaiba muda, wenzako mmoja anauza mitumba mtandaoni mwingine anachora ramani za nyumba za watu analipwa, afu we umejilaza kitandani unafuatilia maisha ya watu ambao hata hawajawahi kuwepo duniani, je huo ni uvivu? Pili mbona mawazo mazuri ya kazi zako za studio hapo chuoni, za kuchora majengo, hayaji ukiwa mezani, yanakuja ukiwa hufanyi chochote cha maana. Tatu ni ile kozi ya mtandaoni, hiyo nitaifikia.

La kwanza mama yako kalijibu kabla yangu, alikuwa anasikiliza pembeni. Kasema kusoma wakati vyombo vimejaa kwenye beseni ni uvivu hata kama unasoma kitabu kitakatifu. Naungana naye, tusilirudie. Ila najua we hukuuliza habari za vyombo. We umeulizia ile saa ambayo hudaiwi na mtu, umeshafua, kazi ya mhadhiri umekabidhi, na bado unasutwa. Hapo ndo pana maneno.

Huo msuto hukuzaliwa nao. Mji wetu huu umelea watu kuogopa kuonekana wamekaa. Mwaka 1976 kulikuwa na operesheni ya Kila Mtu Afanye Kazi, afu 1983 ikaja sheria ya Nguvukazi, mi wakati huo kijana bado nasoma, na hapa Dar watu walikuwa wanakamatwa barabarani mchana kweupe, huna kitambulisho cha kazi we ni mzururaji, unapandishwa gari unapelekwa kijijini ukalime. Serikali ilikuwa na sababu zake, vita vya Kagera vilikuwa vimetukamua, maduka matupu, sukari ya kupanga foleni, hilo sibishi. Lakini tazama waliokuwa wanakamatwa ni akina nani. Wengi ni wauza karanga, wauza maji, wauza samaki, watu wa kuchakarika toka alfajiri, wamemzidi kwa mbali karani anayesinzia ofisini na kitambulisho chake mfukoni, ila kwa sababu hawakuwa na meza wala karatasi basi wakahesabiwa wavivu. Baadaye ikabidi wapewe leseni, na leseni zenyewe watu wakaziita hivyohivyo, nguvukazi. Mi tangu hapo nikajua kwamba anayeamua nani yuko bize ni yule anayetazama kwa nje, na kazi ya kichwani ukitazama kwa nje huioni.

Siku hizi gari la kukamata wazururaji halipiti, mnajikamata wenyewe. Mtu saa kumi na moja alfajiri kashaweka status "tumeamka kupambana", afu kalala tena.

Na kama hoja ni ubize, hebu niambie nani nchi hii alikuwa bize kumzidi Mwalimu Nyerere miaka ile ya sitini. Alikaa akatafsiri tamthilia ya Shakespeare ikatoka 1963, hakuishia hapo, akairudia ikatoka upya 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari na mwaka huohuo akatoa na Mabepari wa Venisi. Hesabu hapo katikati kuna nini: maasi ya jeshi na Muungano vyote mwaka 1964, Azimio la Arusha 1967, na mzee wa watu bado anahangaika Brutasi aongee Kiswahili gani. Shaaban Robert naye alikuwa karani wa serikali ya mkoloni miaka na miaka, forodhani na kwingineko, hakuna bosi aliyemlipa mshahara ili akae abuni nchi ya Kusadikika. Na Rosa Mistika ya Kezilahabi, ilipotoka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni, baadaye ikaja kuruhusiwa. Kitu cha kupotezea muda tu nani angehangaika kukipiga marufuku? Waliokataza walijua kabisa binti akikaa na hadithi ile kuna maswali atayauliza nyumbani.

Mi mwenyewe nilianza na Willy Gamba, yule mpelelezi wa kwenye riwaya za Musiba, wala siwezi kukudanganya kwamba nilianza na vitabu vizito. Kitabu kilikuwa kinazunguka mtaa mzima Temeke, jalada hakuna, kurasa za mwisho zimechanwa sijui na nani akafungia nini, kwa hiyo siku kadhaa nikawa natembea namalizia mwenyewe kichwani, huyu atakufa, yule kumbe ni msaliti. Nilikuja kusoma mwisho wenyewe miaka mingi baadaye. Mpaka leo naona wangu ulikuwa mzuri zaidi, na mama yako nimeshamsimulia mpaka amechoka.

Sasa la pili, hili nalipenda maana linaingia kwenye hesabu. Kulikuwa na Mfaransa Henri Poincaré, mtu mkubwa sana kwenye hesabu, mwanzoni mwa miaka ya 1880 alikuwa anahangaika na aina fulani ya fanksheni, zile kanuni za kugeuza namba kuwa namba nyingine, anakaa mezani kila siku, anajaribu hivi anajaribu vile. Afu akaenda safari na watu wa jiolojia, mambo ya hesabu akayaweka kando kabisa, wakafika mji mmoja unaitwa Coutances wanapanda basi, la kukokotwa na farasi enzi hizo, anaweka tu mguu kwenye ngazi, jibu hilo likaja. Halafu wala hakutoa karatasi, kaingia kakaa kaendelea na stori aliyokuwa anapiga na mwenzake, maana alikuwa na uhakika, akaja kuhakikisha aliporudi nyumbani. (Ingekuwa daladala ya Mbagala konda angeshamsukuma ndani na jibu lake.) Mwaka 1908 akayaeleza mwenyewe kwenye mhadhara Paris.

Watu wakisimulia hii habari wanaishia pale kwenye ngazi, wanasema umeona, pumzika mawazo yatakuja yenyewe. Poincaré hakusema hivyo. Alisisitiza kwamba hiyo kazi ya akili inayofanyika chinichini haizai kitu kama hujatangulia kuhangaika mezani, na jibu likishakuja lazima urudi mezani ulihakiki. Ni kama kuloweka maharage, usiku kucha yanavimba bila we kuyagusa, lakini sufuria ukiiacha na maji matupu asubuhi utakuta maji matupu. We ulisema wazo la ule mradi wako wa soko lilikujia ukiwa unafua. Sawa, lakini si ndo wiki ileile ulikuwa unazunguka sokoni Mwanjelwa unapima njia, unahesabu watu, unachora unafuta? Mwenzako ambaye hakwenda sokoni hata akifua mashuka ya hosteli nzima hatapata kitu.

Na kuna jambo hapo kwenye kufua nadhani hujaliona. Ukiwa unafua mikono imejaa mapovu, simu huwezi kuishika.

Mi naona siri yote iko hapo. Mwaka 2014 huko Uingereza watafiti wawili, Sandi Mann na Rebekah Cadman, waliwakalisha watu robo saa wakawa wananakili namba kutoka kitabu cha simu, we hukuvikuta hivyo vitabu, kazi ya kuchosha kupita maelezo, baada ya hapo wakaambiwa watoe matumizi mbalimbali ya vikombe viwili vya kutupa. Waliochoshwa kwanza walitoa mengi kuwazidi ambao hawakuchoshwa. Wakajaribu pia kuwapa watu wazisome tu hizo namba bila kuandika, na hao wakawa wabunifu zaidi hata ya walionakili, maana mkono haukuwa na kazi, akili ikatoka ikaenda zake. Ni utafiti mdogo usiubebe kama msahafu, ila unakubaliana na ninachokiona kila siku. Panda mwendokasi kutoka Kimara mpaka Kivukoni uone vichwa vimeinama vyote. Zamani kwenye foleni mtu anatazama dirishani, anasoma maandishi ya nyuma ya magari, anasikiliza ugomvi wa watu asiowajua, anawaza ada, anamuwaza mke wake. Saa hizi akili ikianza tu kuchoka, dakika haijaisha, simu ishatoka. Kwa hiyo mama yangu ukiniambia "baba leo nimekaa bure siku nzima" nami nikajua ulikuwa unaskroli, hujakaa bure, umefanya kazi ya mtu mwingine na hakukulipa. Kukaa bure kwenyewe ni kugumu siku hizi, jaribu kukaa kibarazani jioni moja simu ukiiacha ndani uone unavyoanza kuhangaika na kucha.

Riwaya iko katikati ya simu na kukaa bure. Inakushika lakini haikujazi, kuna sehemu lazima uzijenge mwenyewe, ile nyumba ya mhusika mwandishi kataja mlango na mkeka tu, kuta umeziweka wewe. Na kwa fani yako hili si dogo. Nenda siku moja ukija likizo ukasimame pale Kariakoo sokoni, lile jengo la Beda Amuli, lilifunguliwa 1975, liliungua 2021 wakaingia kulikarabati. Tazama zile nguzo zinavyochanua juu zikawa paa, miamvuli ya zege. Mi si msanifu, ila kila nikiziangalia nasema huyu bwana alishawahi kukaa chini ya mti akatazama watu wanavyouziana, akatazama sana, na mtu akimpita saa ile angesema huyu kijana hana kazi. Kuchora jengo ni kumchorea mtu ambaye si wewe. Mama mwenye goti bovu atapandaje hizo ngazi, mama lishe moshi wake utatokea wapi, mpagazi mwenye gunia kichwani akikutana na mwenzie kwenye ule ujia wako mwembamba nani anampisha nani? Hawa watu huwezi kuwa wote. Lakini ukishazoea kukaa ndani ya kichwa cha mhusika wiki nzima, unamchukia halafu unaanza kumwelewa, kuwaza habari za huyo mpagazi hakutakushinda.

Sasa hapohapo nikuombe kitu, usiende kusema hivyo kwa wenzako. Namaanisha usianze kujitetea kwamba unasoma riwaya ILI uwe msanifu bora. Mwaka 2013 Marekani David Kidd na Emanuele Castano walitoa utafiti kwamba mtu akisoma hata kipande tu cha hadithi nzuri anakuwa hodari zaidi wa kutambua hisia za mtu kwa kutazama picha ya macho, magazeti yakashangilia, wasomaji wakafurahi wakasema si tuliwaambia! Baadaye watafiti wengine wakarudia, wakakosa matokeo yale. Sasa yule aliyekuwa anasoma kwa sababu ya ule utafiti afanyeje, aache? Ndo maana nakwambia usiidai riwaya risiti. Hao wachonga vinyago hapo Mwenge hawamuulizi mtu anayekaa kutazama kinyago amepata faida gani mwisho wa mwezi. Kama kuna siku itakusaidia kwenye kuchora basi vizuri, na kama umecheka tu peke yako kitandani mpaka mwenzako akashtuka usingizini, hiyo nayo ilikuwa ni saa yako na umeitumia. Anayesema ni uvivu mwache, kesho atakuja kukuomba umwazime hichohicho kitabu.

Ninapokuwekea mpaka ni mahali pamoja tu. Kitabu kikiwa ni cha kukimbilia ili usikutane na kazi uliyoiogopa, hapo unajua mwenyewe, maana unasoma ukurasa mmoja mara tatu huelewi na masikio yako kwenye simu ya kiongozi wa kundi lenu. Siku hiyo funga ukafanye kazi. Sina haja ya kukueleza zaidi, we mtu mzima.

Kuhusu kozi. Umesema hiyo ya masoko ya kidijitali uliianza kwa sababu kila mtu anaifanya, inakuboa, unataka kuiacha. Malizia. Sikwambii umalizie kwa sababu ina maana kuliko riwaya zako, malizia kwa sababu tumeshalipa na ile hela mama yako aliitoa kwenye mchezo wake, akisikia umeiacha mimi ndo nitakaa naye humu ndani sio wewe. Ukishaimaliza usijiandikishe nyingine mpaka semista iishe, mtu akikuuliza unafanya nini mwambie unasoma chuo, inatosha.

Blanketi tumempa mtu wa basi jana, Mbeya mwezi huu naijua. Ndani yake kuna vitabu viwili nimenunua kwa wale wa vitabu vya mtumba pale Posta, kimoja kurasa za mwisho zipo nimehakikisha, cha pili sikuangalia.

Baba yako